Ukitoka kwenye dropshipingi, toka na wateja wako

Mhadhara kwa wafanyabiashara wa mtandaoni, Dodoma

Mbukwenyi!

(Ukumbi: Mbukwa!)

Asanteni. Naona wa nyuma wameitikia kwa nguvu kuliko wa mbele. Wa mbele nadhani mmetoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, moja kwa moja, bado mna uchovu wa ofisi. (Kicheko.)

Nimeombwa nizungumze na nyie mnaouza kwa dropshipingi na mnatafuta pa kuhamia. Wengi wenu mnaijua kazi yenyewe. Kwa wazazi waliowasindikiza watoto, niseme tu kwamba huu ni uwinga: unatangaza mtandaoni bidhaa usiyonayo, mteja akilipa, msambazaji ndiye anayemtumia. Mnawajua mawinga wa Kariakoo: hana duka, anakudaka njiani, anakuuzia kiatu cha tajiri na juu yake anaweka cha juu. Ila winga wa Kariakoo ukimwambia kiatu kinabana, anakimbia ndani anakuletea namba nyingine. Wa mtandaoni duka analoliuzia liko Guangzhou, China, mteja yuko Ilazo hapa Dodoma, na kiatu kikibana hakuna wa kukimbia.

Waliokuwa wanauza nje wanajua kilichotokea. Kwa miaka mingi kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 kilikuwa kinaingia Marekani bila ushuru. Biashara nzima ya watu ilisimama juu ya mlango huo: unatangaza kwa Mmarekani, China wanatuma, wewe unabaki na tofauti. Tarehe 2 Mei 2025 mlango ukafungwa kwa mizigo ya China na Hong Kong, na tarehe 29 Agosti mwaka huohuo ukafungwa kwa nchi zote. Ulaya walishatangulia: toka tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vya chini ya euro 22 haupo. Hao wanaouza nje sitakaa nao sana, hesabu yao serikali za watu zimeshawafungia.

Nataka kukaa na anayemuuzia Mtanzania mwenzake, maana huyu hajafungiwa na mtu. Anauza, simu inaita, na mwisho wa mwezi haoni kitu. Tupige hesabu. Bei ninazotaja ni za kuelewea tu, msizipeleke sokoni.

Una taa ya chumbani, unaiuza 45,000. Msambazaji pamoja na usafiri mpaka inafika mjini, 24,000. Kusponsa tangazo: ukigawa hela uliyolipa kwa idadi ya walionunua kweli, siyo waliouliza "bei?" wakapotea, kila mnunuzi amekugharimu 11,000. Bodaboda ya kumpelekea mteja 3,000, makato ya kwenye simu 1,000. Umebaki na 6,000. Ukiuza taa kumi una 60,000, unajisikia vizuri. Sasa moja ifike imevunjika. Mteja anadai 45,000 yake, na ni haki yake. Msambazaji anakwambia piga video, subiri, kisha kimya. Tisa zimekupa 54,000, ya kumi imekula 39,000 zako zote ulizotumia. Kwenye taa kumi umebaki na 15,000. Na hapo hujalipa bando wala hujahesabu usiku uliokesha ukijibu meseji.

Watu husema tatizo ni mtaji, au ni ushindani. Mimi naona tatizo kubwa liko kwenye ile 11,000. Aliyenunua taa kwako hanunui nyingine mwezi ujao, taa moja inamtosha. Kwa hiyo kila mwezi unaanza upya, unawalipa wenye mitandao wakutafutie mtu mgeni, unamuuzia mara moja, unaachana naye. Unafanya kazi ya kuwanunulia wengine wateja. Yule mtu alishakuamini, alishatuma hela kwa lipa namba yako bila kukuona sura, halafu unamwacha aende.

Ndiyo maana mtu akiniambia ameacha dropshipingi, simuulizi sasa anauza nini. Namuuliza: namba za watu waliowahi kukulipa ziko wapi? Wengi wananionyesha ukurasa wa Instagram wenye wafuasi elfu kadhaa. Wafuasi siyo wateja. Mteja ni yule aliyewahi kutoa hela. Hata wakiwa mia moja na hamsini, hao ndio biashara. Taa ilikuwa kisingizio cha kuwapata.

Kazi ya kwanza, kabla hujachagua bidhaa mpya, ni ya wiki moja na haina gharama. Fungua meseji zako zote za zamani. Kwenye WhatsApp Business kuna lebo, tumia. Weka lebo kwa kila aliyelipa, andika alinunua nini na yuko mtaa gani. Halafu soma walichokuuliza baada ya kununua. Hapo kuna utajiri. Mama kanunua blenda, wiki mbili baadaye kaandika, "Dada, hamna unga wa lishe wa mtoto?" Wewe ulijibu "hapana, mpendwa" ukaweka na ua. (Kicheko.) Huyo alikuwa anakupa biashara.

Kuna jambo la kiufundi linaumiza watu hapa. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi kule WhatsApp inachukua watu 256 kwa orodha moja, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Unaweza kutuma kwa watu 200 ukapata majibu ya watu wanne ukadhani wamekuchoka, kumbe haukuwafikia. Kwa hiyo kila unapofikisha mzigo, mwombe mteja aihifadhi namba, mpe na jina la kuihifadhia. Lingine: hizo namba ni taarifa binafsi za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake makao makuu yako hapahapa Dodoma. Mtu alikupa namba ili apelekewe taa. Ukitaka kumtumia matangazo ya kitu kingine, muulize kwanza, na akisema nitoe, mtoe siku hiyohiyo. Kuna watu wanauziana orodha za namba kama karanga. Hiyo achana nayo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kipimo changu ni kimoja: kitu kinachoisha. Kinachoisha nyumbani kwa mtu, naye akatamani kingine, na wewe uwe unaweza kukishika kwa mkono kabla hakijaondoka.

Na sisi tumekaa pazuri kwa hilo kuliko tunavyojua. Singida pale wana alizeti na kuku wa kienyeji. Manyoni na Itigi wana asali. Kibaigwa kuna soko la mahindi ambalo watu wanatoka mbali kulifuata. Bahi kuna mpunga. Karanga, choya, ukwaju, mlenda mkavu. Halafu kila mtu akisikia Dodoma anataja zabibu, na kijana wa kwanza atakayenyoosha mkono hapa atasema anataka kuuza zabibu mtandaoni. Zabibu mbichi ni tamu kwenye picha. Ukiiweka kwenye boksi, ukaipandisha basi la mchana na jua letu hili, inafika Tanga imeshaanza kutoa maji. Kama wewe ni mgeni kwenye kuhifadhi vitu vinavyooza, usianzie hapo.

Mimi ningeanzia kwenye ubuyu. Nisikilizeni, nisieleweke kwamba ni lazima wote mkauze ubuyu. Natumia ubuyu kuonyesha jinsi ya kufikiri. Mibuyu imejaa kutoka Chamwino mpaka Mpwapwa na Kongwa. Tunda lake lina sifa moja ambayo anayetuma mizigo anapaswa kuipenda: unga wake unakaukia ndani ya kifuu chenyewe, hukohuko mtini. Huhitaji friji. Ni mwepesi, hauvunjiki, hauna saizi ya kubana. Ulaya waliuruhusu kama chakula kipya mwaka 2008, wao kwao ni kipya. (Kicheko.) Lakini Ulaya ni ya baadaye, leo tunamtafuta mama wa Mwanza anayetaka juisi na uji wa watoto.

Kazi iko kwenye kuuangalia. Unga wa ubuyu unavuta unyevu. Chukua kiganjani, ufinye, kisha fungua mkono. Ukisambaa wenyewe, mkavu. Ukibaki umeshikana kama tonge, umeshaingia maji, usiupakie hata kama umeununua kwa bei ya kutupa. Angalia rangi: mpya ni mweupe wa maziwa, uliokaa vibaya unageuka kahawia. Chekecha tena mwenyewe hata kama mwuzaji ameapa ameshachekecha, maana nyuzi moja kwenye glasi ya mteja ni picha itakayowekwa kwenye status. Halafu mfuko: tumia wenye zipu na usiopitisha mwanga, ule wa nailoni wa kufunga kwa mshumaa waachie wauza barafu. Na kwenye lebo usiandike unatibu kisukari. Andika unga wa ubuyu, uzito, tarehe, namba ya simu.

Hesabu yake, tena ya kuelewea. Kilo moja unauza 12,000, pamoja na mfuko umetumia 7,000, nauli analipa mteja. Inabaki 5,000. Ukitoa 4,000 ya tangazo, mara ya kwanza umebaki na 1,000. Ni aibu hata kuitaja mbele ya ile 6,000 ya taa. Ila huyu mwezi wa pili anarudi mwenyewe, hujalipa tangazo, unabaki na 5,000 nzima. Akinunua kila mwezi kwa mwaka, mtu mmoja amekupa 56,000. Wa taa alikupa 6,000 akaishia hapo.

Kuna wanaohamia kwenye kuuza kozi. Hasa kozi za kufundisha dropshipingi ambayo wao wenyewe imewashinda. Sitasema zaidi, naona wengine wanainama. (Kicheko.)

Kuhama kwenyewe fanya taratibu. Maliza oda zote zilizo njiani kabla hujabadilisha hata picha ya ukurasa, maana ukibadilisha jina wakati mtu anasubiri mzigo wake, kwake wewe ni tapeli aliyekimbia. Tenganisha lipa namba ya biashara mpya na ile ya zamani ili ujue ipi inalisha nyingine. TIN, yaani namba ya mlipakodi, uwe nayo, jina la biashara lisajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara. Na kwa kitu cha kula, pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuongoze njia ya kwenda TBS, shirika la viwango, kupata alama ya ubora. Toka mwaka 2019 usalama wa chakula uko TBS. Waliozoea kuuza taa huwa wanalisahau hili.

Kama bado unataka vitu vya Kariakoo, sikukatazi. Treni ya SGR, ile reli ya kisasa kutoka Dar, imeanza kufika hapa tarehe 25 Julai 2024. Ile ya haraka ni chini ya saa nne. Unaondoka asubuhi, unafungua maboksi kwa mkono wako, unarudi na vitu vitano ulivyovikagua. Tayari umeshaacha kuwa winga.

Maswali. Dada yangu pale, wa kitenge.

(Swali: Shikamoo. Mtaji wa kununua mzigo nitaupata wapi? Kwenye dropshipingi sikuhitaji.)

Marahaba. Ulihitaji, ulikuwa unaulipa kwenye matangazo. Chukua hela ya tangazo la wiki mbili, nunua kilo kumi, wauzie hao wenye lebo. Zikiisha, nunua ishirini. Baadaye, mkiwa kikundi kilichosajiliwa, kuna mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Lakini usianze na mkopo kabla hujamwona mteja akirudi mara ya pili.

Kaka wa kofia.

(Swali: Natuma kwa basi, mteja wa Mwanza anasema lipa ukipokea, mzigo ukifika hapokei simu. Nifanyeje?)

Mteja mpya wa mkoani alipe kwanza nauli ya mzigo. Nauli tu, siyo bei yote. Asiyekuwa na nia hatoi hata hiyo. Ukishapakia pale stendi ya Nzuguni, piga picha risiti, mtumie na jina la basi, namba ya gari na simu ya konda, muda uleule, ili asikuulize mara sita. Akigoma kupokea, mwambie konda arudi nao, nauli ya kurudi utailipa wewe. Unga wa ubuyu utarudi mzima utauza. Akishalipa salama mara mbili, huyo mtumie hata kabla hajalipa.

Muda umeisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Nimekuja na mifuko ya aina tatu na unga wa aina mbili, mkavu na ulioharibika, viko mezani pale. Pandeni kwa mstari mje mfinye wenyewe.