Bakteria Wamenenepa, Kimeng'enya Hakuna

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo.

Wakulima wa viazi mliotoka Umalila mnajua jambo ambalo mimi lilinichukua muhula mzima maabara kulielewa. Ukizidisha urea shamba linapendeza, majani yamejaa, mashina manene. Chimba sasa: viazi vya kuhesabu. Bakteria nao ni hivyo hivyo.

Nilikuwa naotesha Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, nikitafuta amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga. Nikawapa glukosi bila kipimo. Asubuhi chupa imechafuka kama togwa, nami furaha tele. Nikachukua maji yake, nikayachanganya na wanga, nikayaacha kwa muda, kisha nikadondoshea ayodini. Bluu nzito, karibu nyeusi! Wanga wote upo, haujaguswa. Nikailaumu mbegu ya bakteria, nikaagiza nyingine, yakatokea yale yale. Mbegu haikuwa na kosa. Bakteria aliyeshiba sukari iliyo tayari hana haja ya kunoa panga la kukatia wanga. Glukosi huizima jeni ya amilesi. Nilipoiondoa nikaweka pumba za mpunga wa Mbarali, bakteria walipungua, lakini safari hii ile bluu ilififia hadi ikapotea. Siku ile sikula chakula cha mchana, nilikaa naitazama.

Kwa hiyo nawasihi, msipime wingi wa bakteria peke yake. Pimeni na amilesi, kila baada ya saa chache, kwa siku mbili au zaidi, maana huyu huitoa kwa wingi pale ukuaji unapoanza kusimama. Ukichelewa sana kuvuna, vimeng'enya vyake vya kukata protini vitaitafuna amilesi yako. Nyuzi 37 na pH (kipimo cha uchachu) ya 7 ni pa kuanzia tu. Tena vitu hivi vinategemeana: kutikisa chupa kunakotosha pumba zikiwa kidogo hakutoshi zikiwa nyingi, hewa haipenyi. Vijaribuni kwa pamoja.

Sasa la hapa hapa Mbeya, kuhusu kuua vijidudu kwenye chupa kabla ya kupanda, ambalo maelekezo mengi tunayonakili hayalisemi. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Spora za Bacillus, yaani chembe ngumu anamojihifadhi, hata 100 zinahimili, ndiyo maana tunatumia chombo cha mvuke wa presha. Maelekezo yanasema presha ya paundi 15, nyuzi 121, dakika 15. Hayo ni ya pwani! Geji huhesabu kuanzia hewa ya nje, na hewa yetu ni nyepesi, hivyo ikisoma 15 huku juu, ndani ni kama nyuzi 118. Pandisheni hadi karibu 18 ikiwa chombo kinaruhusu. Kama hakiruhusu, ongezeni muda.

Na kila mara acheni chupa moja yenye pumba bila kuipanda bakteria. Ikichafuka, mwageni zote, hata ile iliyotoa majibu mazuri.