Daftari Kabla ya Jembe: Mhadhara kwa Wanafunzi Wanaochunguza Mazingira Yao

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze kuhusu wanafunzi kuchunguza matatizo ya mazingira pale wanapoishi, kisha kupanga la kufanya. Nitaanza na lawama, tutaelewana baadaye. Ripoti nyingi za wanafunzi zinaanzia mwisho. Ukurasa wa kwanza unasema mto umechafuka, wa mwisho unasema tutapanda miche na kufanya usafi Jumamosi, na katikati pamejazwa picha. Miche na usafi vilishaamuliwa kabla mtu hajalowanisha mguu. Utafiti umebaki pambo.

Sina ugomvi na miti. Profesa Wangari Maathai alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini tazameni alikoanzia: kina mama wa vijijini walikuwa wakilalamika kwamba kuni ziko mbali, vijito vinakauka na chakula hakitoshi. Mti ulikuja kujibu malalamiko hayo. Sasa, ikiwa shida ya mto wenu ni majitaka yanayomwagwa kutoka kwenye bomba moja, miche elfu moja haitaziba bomba. Na mkaratusi ukipandwa kando ya chemchemi, unaweza kuinywa hiyo chemchemi mliyotaka kuiokoa.

Kwa hiyo kwanza ni swali. "Mazingira yetu yana hali gani?" halijibiki, hata mkipewa miaka kumi. "Je, maji ya kijito hiki yana oksijeni kidogo baada ya kupita machinjioni kuliko kabla ya kufika hapo?" linajibika kwa wiki chache, kwa vifaa vinavyobebeka kwenye mkoba. Lina mahali pawili, lina kitu kimoja cha kupima, na jibu lake linaweza kuwa ndiyo au hapana. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Swali ambalo haliwezi kuwaletea jibu msilolipenda, mnalijua jibu lake tayari.

Nikae kidogo kwenye mfano huo wa machinjio, maana una mengi. Damu ikiingia majini, bakteria wanaila, na katika kuila wanatumia oksijeni iliyoyeyuka humo. Samaki na wadudu wa majini wanabaki bila ya kupumua. Mnapima upande wa juu wa machinjio, maji yanakotoka, mnapima upande wa chini, yanakoelekea, mnalinganisha. Rahisi, siyo? Hapo ndipo mtego ulipo. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita moja. Ya nyuzi 30 hayafikishi 8. Isitoshe, mimea ya majini hutoa oksijeni wakati wa jua, na usiku kila kiumbe huitumia bila ya nyingine kuzalishwa, kwa hiyo kiwango huwa chini kabisa karibu na alfajiri na hupanda kufikia alasiri. Kundi likipima juu saa moja asubuhi, likatembea, likala, kisha likapima chini saa tisa alasiri, linaweza kurudi na habari kwamba machinjio yanasafisha maji! Vipimo vyote viwili ni sahihi, ila walichopima ni jua. Dawa yake ni makundi mawili, wakati uleule, na joto la maji liandikwe kila mara kando ya kipimo.

Kama hamna kifaa cha oksijeni, wapo mashahidi wengine. Mmoja asimame mahali pa kina kifupi penye changarawe, avuruge mawe kwa miguu, mwenzake ashike wavu wenye matundu madogo upande ambao maji yanaelekea. Mimineni kilichonaswa kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo, mtulie. Mwanzoni mtaona mchanga na majani yaliyooza tu. Kisha kitu mlichodhani ni jani kitaanza kutembea. Kuna mabuu bapa yenye mikia mitatu myembamba na matamvua yanayopepea ubavuni. Mengi ya jamii hiyo hayavumilii maji yaliyopungukiwa oksijeni. Kuna mengine mekundu yanayojinyonganyonga. Wekundu wao ni himoglobini, protini inayobeba oksijeni kama kwenye damu yetu, inayowasaidia kuishi kwenye matope yenye hewa haba. Mekundu hupatikana hata penye maji safi, kwa hiyo kuyaona si ushahidi wa kitu. Ushahidi ni pale beseni la juu linapokuwa na viumbe wa kila aina na la chini likawa na mekundu peke yake. Na hapa pia linganisheni changarawe na changarawe. Ukichota kwenye mawe huku na kwenye tope kule, umelinganisha makazi mawili tofauti.

Neno moja juu ya maji yanayong'aa. Ungavu wa maji hauonyeshi usalama wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka sampuli ya mililita 100 ya maji ya kunywa isiwe na hata bakteria mmoja wa aina ya E. koli, anayeashiria kinyesi, na bakteria huyo haonekani kwa macho. Hicho ni kipimo cha maabara. Msimwambie mtu yeyote kuwa maji yake ni salama kwa sababu mliona sarafu kwenye kitako cha ndoo.

Taka nitazipitia haraka. Vaeni glavu, tandazeni turubai, tenganisheni, pimeni. Sindano na vyupa vilivyovunjika msiviguse, mwiteni mkubwa. Lakini kabla ya hapo amueni: mtahesabu vipande au mtapima kwa mizani? Plastiki itashinda kwa idadi na kwa nafasi inayojaza. Mabaki ya chakula, kwa kuwa yamejaa maji, mara nyingi yatashinda kwa uzito. Pipa ni lilelile, majibu mawili, na kila jibu linazaa mpango wake. Anayetaka kupunguza safari za gari la taka na anayetaka kuzuia mifereji kuziba hawahitaji jibu moja.

Sasa tuje kwenye hatua, na naomba niwapeleke London, mwaka 1854. Kipindupindu kilikuwa kinaua watu mtaa wa Broad Street, Soho. Daktari John Snow alishuku pampu ya maji ya mtaa huo wakati wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Hakutosheka kuhesabu waliokufa karibu na pampu. Aliwatafuta wasiolingana na hadithi yake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia palepale mtaani hakuna aliyeugua vibaya: walikuwa wakinywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Mjane mmoja aliyeishi mbali, Hampstead, alikufa. Ikabainika alikuwa akiletewa maji ya pampu hiyohiyo kwa kuwa alipenda ladha yake. Snow alikuwa ameshawaeleza wakubwa wa mtaa ushahidi aliokuwa nao, wakakubali, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukang'olewa.

Wengi huishia hapo na makofi. Lakini vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua kabla ya mpini kuondolewa, kwani watu wengi walikuwa wamekimbia eneo hilo. Angekuja mwanafunzi akahesabu vifo kabla na baada ya mpini, angempa mpini sifa zaidi ya stahili yake. Ndiyo maana mpango wenu lazima uwe na upimaji wa pili, na uwe na mahali pa kulinganishia ambapo hamkufanya kitu. Mvua ikinyesha sana mwezi mtakaochukua hatua, hali ya kijito inaweza kubadilika kote, na mahali pale patawaambia hivyo.

La pili kutoka kwa Snow: hakuwaambia wakazi wawe waangalifu zaidi. Alikwenda kwa wenye mamlaka juu ya pampu, akaomba jambo moja. Mabango ya "Tutunze Mazingira" yananichosha kwa sababu hayamwombi mtu yeyote chochote. Jiulizeni ni nani akiamua kesho asubuhi, jambo litabadilika. Pengine ni meneja wa machinjio, na anachohitaji ni shimo la kukusanya damu kabla haijafika mferejini. Mwendeeni yeye kwanza na jedwali lenu, kabla ya kwenda kwa waandishi wa habari. Mtu aliyefedheheshwa huwa hasikii tena. Akiwapuuza, andikieni ofisi inayomsimamia, barua ya ukurasa mmoja, ombi moja. Haki ya kufanya hivyo ilishatamkwa: Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio, la mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 kuhusu mazingira na maendeleo, inasema mambo ya mazingira hushughulikiwa vyema raia wanaohusika wakishiriki, na kwamba wapewe taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka. Majina ya watu na nyumba zao hayana kazi kwenye ripoti yenu. Yaacheni.

Na je, mkikuta machinjio hayana kosa? Andikeni hivyo hivyo. Walimu, hapa nawageukia ninyi. Tukiwapa alama kubwa waliopata "matokeo" tu, tunawafundisha watoto kufunika kombe mwanaharamu apite. Kundi lililopima vizuri na kukuta tofauti haipo limemwondolea mtu tuhuma na limewaonyesha wengine waelekeze macho kwingine.

Tatizo gumu kuliko yote ni kwamba mnahitimu. Kijito hakifuati kalenda ya shule. Wanafunzi 12 waliomwendea Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, mwaka 1991 Dar es Salaam na mambo yaliyowakera katika mazingira yao ndio walioanzisha naye Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, na kazi hiyo ipo hadi leo kwa kuwa ilipokezwa. Andikeni mahali mlipopimia kwa namna ambayo mgeni atapakuta bila kuwauliza: umbali kutoka darajani, ukingo upi, saa ngapi. Kidato kinachofuata kiende nanyi mara ya mwisho mnapopima, kishike wavu chenyewe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali yaanzie nyuma, maana hawa wa mbele wamekuwa wakininong'onezea ya kwao tangu nilipotaja bia.