Jina Moja, Tarehe Moja: Kuandaa Makaratasi ya Grini Kadi kwa Njia ya Ndoa

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za jioni kwa wote mliofika. Tumepewa saa moja, na tungependa sehemu ya muda huo ibaki kwa maswali, kwa hiyo tuanze kazi.

Ofisa atakayesoma faili lenu hakuwepo harusini. Hakula pilau, hakusikia vigelegele, hajui mlivyohangaika kupigiana simu usiku wa manane. Mbele yake ana karatasi tu, na kazi yake ni kuzilinganisha: cheti cha kuzaliwa na pasipoti, pasipoti na cheti cha ndoa, cheti cha ndoa na yale mliyojaza katika fomu miaka iliyopita mkiomba viza ya utalii au ukimbizi. Zikipingana, yeye hana namna ya kujua kwamba karani wa wilaya ndiye aliyekosea herufi. Tunaumia sana kuona ndoa za kweli kabisa zikikwama mwaka mzima kwa jambo ambalo lingerekebishwa mapema. Ndiyo maana leo tutazungumzia zaidi karatasi za kutoka nyumbani kuliko fomu za Marekani zenyewe.

Ila kwanza kila mmoja ajue yuko njia ipi. Kama mwenzi anayeombewa yuko Marekani, aliingia kwa kukaguliwa mpakani au uwanja wa ndege, na mwenzake ni raia, mnaweza kutuma kwa pamoja fomu I-130 (ombi la raia kwa ajili ya mwenzi wake), I-130A (taarifa za mwenzi anayeombewa) na I-485 (ombi la grini kadi, yaani ukaazi wa kudumu). Mwenye viza iliyokwisha muda hafungiwi mlango kwa hilo peke yake, mradi ameolewa na raia au ameoa raia. Chapisheni rekodi ya kuingia, I-94, kutoka tovuti ya forodha na ulinzi wa mipaka, na muweke nakala ya muhuri wa pasipoti. Aliyevuka bila kukaguliwa, au aliyewahi kujidai raia wa Marekani, hata kwa kuweka alama kwenye fomu ya kazi au kujiandikisha kupiga kura, asitume chochote kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Na asikurupuke kutoka nje ya nchi: aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 akaondoka hufungiwa kurudi miaka 3, na aliyefikisha mwaka hufungiwa miaka 10.

Kama anayeombewa yuko nyumbani, inatangulia I-130 peke yake. Ikipitishwa, faili huenda Kituo cha Taifa cha Viza, mnalipa dola 325 za viza na dola 120 za kiapo cha udhamini, mnajaza DS-260, fomu ya maombi ya viza ya uhamiaji, mtandaoni, kisha yanafuata vipimo vya afya na usaili ubalozini. Hapa kuna jambo zito la sasa: tangu Juni 2025 yametoka matangazo ya Rais ya kuzuia viza kwa raia wa nchi kadhaa. Burundi na Somalia zilikuwemo tangu mwanzo, na Desemba 2025 Tanzania ikaingizwa. Someni tangazo linalotumika siku hiyo kabla ya kulipa, wala msitegemee ujumbe wa kusambazwa WhatsApp.

Sasa tuje kwenye majina. Tuseme bibi arusi anaitwa Fatuma Juma Salum: jina lake, la baba, la babu. Fomu ya Marekani inataka jina la ukoo, jina la kwanza na jina la kati. Fuateni pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama pasipoti imeandika Salumu na ninyi mmezoea Salum. Kisha pale panapoulizwa majina mengine mliyowahi kutumia, andikeni yote: Fatma bila u, jina la ubatizo, jina la ndoa ya zamani, jina lililoko kwenye cheti cha kidato cha nne. Watu huogopa kuyataja wakidhani wataonekana wababaishaji. Jina ulilolitaja mwenyewe ofisa atalisoma na kuendelea. Akilikuta mwenyewe kwenye hati, ataanza kuuliza.

Tarehe nazo zina mtego wake. Sisi tunaanza na siku, Marekani wanaanza na mwezi. Kwetu 03/07/1991 ni tarehe 3 Julai. Kwao ni tarehe 7 Machi. Kwenye fomu fuateni mpangilio wao. Kwenye tafsiri za hati na kwenye barua zenu, andikeni jina la mwezi kwa maneno ili asiwepo wa kubahatisha.

Kuna zoezi dogo tunawaomba mlifanye kabla ya kugusa fomu yoyote. Chukueni karatasi moja, mchore safu tano: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama. Kila mstari uwe wa hati moja: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, cheti cha shule. Nakilini kama kilivyoandikwa, bila kusahihisha. Mtashangaa. Baba ni Juma Salum kwenye cheti kimoja na Juma S. Ally kwenye kingine. Mahali pa kuzaliwa ni Tanga hapa na Muheza pale. Kila msichoweza kukieleza kwa sentensi moja, kipigieni duara kwa kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo orodha yenu ya kazi.

Kosa lililo ndani ya cheti husahihishwa na ofisi iliyokitoa. Kwa Tanzania Bara ni RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kwa Kenya ni idara ya usajili wa raia. Hati ya kiapo ya mwanasheria inaeleza tofauti, haiisahihishi. Itumieni kwa tofauti ndogo za tahajia. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa imekosewa, au jina la mzazi ni la mtu mwingine kabisa, rudini kwenye ofisi ya usajili hata kama itawachelewesha.

Wengi wetu tuliandikishwa tukiwa watu wazima. Cheti kinasema umezaliwa 1988 na kusajiliwa 2023, na ofisa anaiona tarehe ya usajili. Cheti cha namna hiyo kiambatanishieni hati za utotoni: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza darasa la saba. Zikikosekana, tafuteni viapo vya watu wawili waliokuwa hai muhusika alipozaliwa na wenye akili timamu ya kukumbuka, kama shangazi au jirani. Kila kiapo kitaje jina kamili na anwani ya anayeapa, tarehe na mahali alipozaliwa yeye mwenyewe, uhusiano wenu, na amejuaje habari ya uzazi huo. Kiapo kinachosema tu "namfahamu tangu utoto" hakisaidii kitu.

Kuhusu cheti cha ndoa, kinachohitajika ni kile kilichosajiliwa serikalini. Barua ya msikiti au ya parokia ni ushahidi mzuri wa nyongeza, lakini haikai mahali pa cheti. Kenya, tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa zote, za Kiislamu na za kimila zikiwemo, zinatakiwa zisajiliwe. Sheria hiyo pia inaihesabu ndoa ya Kiislamu na ya kimila kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Maneno hayo hayavunji ombi kama mke ni mmoja. Kinachovunja ni mke wa pili: Marekani inamtambua wa kwanza peke yake.

Hapa pana jambo linalowagusa wengi ukumbini, nalo ni nikaha ya kuwakilishwa. Bwana harusi yuko Ohio, amemteua kaka yake awe wakili, ndoa inafungwa Mombasa huku yeye akisikiliza kwenye simu. Kidini imetimia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja ilipofungwa, mpaka wakutane kimwili kama mume na mke baada ya siku ya nikaha. Mliokuwa pamoja mwaka mmoja kabla ya nikaha, hilo halihesabiki. Kwa hiyo asafiri mmoja, na kila ushahidi wa safari utunzwe: tiketi, mihuri ya pasipoti yenye tarehe, risiti ya hoteli yenye majina mawili, picha. I-130 itumwe baada ya hapo, na tarehe ya safari ionekane wazi kuwa imefuata tarehe ya nikaha.

Talaka ndiyo inayoangusha wengi kuliko yote tuliyotaja. Kila ndoa ya nyuma, ya mume na ya mke, iwe na hati ya kuonyesha ilivyokwisha: hukumu na amri ya mahakama, au cheti cha kifo. Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, karatasi ya talaka aliyoiandika mume, au barua ya baraza la usuluhishi, haivunji ndoa kisheria. Inavunjwa na mahakama. Zanzibar ina utaratibu wake wa Mahakama ya Kadhi. Kenya angalieni kama amri yenu ni ya awali au ya mwisho, kwa sababu mwenye amri ya awali bado ni mke au mume wa mtu. Halafu wekeni tarehe mbili bega kwa bega: siku talaka ilipokamilika na siku mlipooana. Kama harusi imetangulia talaka, hata kwa wiki moja, ndoa mpya ni batili machoni mwa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani. Dawa yake ni kukamilisha talaka, kufunga ndoa upya, na kuomba kwa cheti kipya. Inauma baada ya karamu kubwa, lakini ni nafuu kuliko kukataliwa baada ya kulipa ada zote.

Hukumu za Mahakama ya Mwanzo huandikwa kwa Kiswahili, na hati za Kongo kwa Kifaransa. Zote zitafsiriwe kwa Kiingereza neno kwa neno, pamoja na mihuri, maandishi ya pembeni na yaliyoko nyuma ya karatasi. Mfasiri aandike chini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili, kisha atie jina, sahihi, anwani na tarehe. Si lazima awe na muhuri wa mthibitishaji. Lakini asiwe mume au mke.

Kiapo cha udhamini, I-864, hujazwa na mwenzi aliyeomba, hata kama hana kazi. Kipato kinatakiwa kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu wa kaya. Kwa jedwali la 2025, kaya ya watu wawili ilikuwa dola 26,437 kwa mwaka, na ya watatu ilikuwa dola 33,312. Alaska na Hawaii wana viwango vya juu zaidi. Kikipungua, atafutwe mdhamini wa pili, tuseme mjomba, naye ajaze I-864 yake mwenyewe. Mwambieni ukweli huyo mjomba kabla hajasaini: talaka yenu haimwondolei wajibu wa udhamini. Unakwisha aliyedhaminiwa akipata uraia, akihesabiwa robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka 10, akihama moja kwa moja, au mmoja wao akifariki. Ambatanisheni ritani ya kodi ya mwaka wa karibuni. Na kama mlioana 2023 halafu ritani ya mwaka huo ikajazwa kuwa huna ndoa, irekebisheni IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kabla ya kutuma ombi, maana ofisa ataiona.

Ushahidi wa kuishi pamoja tuupitie haraka: mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya pamoja yenye miamala ya kila siku, bima, vyeti vya watoto. Mnaoishi mbalimbali, wekeni taarifa za M-Pesa, kumbukumbu za simu na tiketi. Picha 20 za miaka tofauti, zenye tarehe na majina ya ndugu waliomo, zinatosha na kuzidi. Albamu ya harusi yenye picha 300 za siku moja inathibitisha siku moja tu.

Kufunga bahasha: nakala tu za hati zenu, zisizobanwa kwa pini, na toleo la fomu linalokubaliwa siku hiyo. Sahihi iwe ya mkono kwenye kila fomu. Kwa viwango vilivyoanza 1 Aprili 2024, I-130 ya karatasi ni dola 675, I-485 dola 1,440, kibali cha kazi kinachoambatana nayo dola 260. Kila fomu na malipo yake. Mkiyajumlisha, bahasha nzima inarudi. Tangu 28 Oktoba 2025 hundi za karatasi hazipokelewi. Mnalipa kwa kadi kupitia G-1450 au kwa akaunti ya benki kupitia G-1650. Tangu 2 Desemba 2024, ripoti ya daktari, I-693, inaingia pamoja na I-485, kwenye bahasha aliyoifunga daktari. Msiifungue.

Ikija barua ya kudai ushahidi zaidi, jibuni yote kwa mara moja ndani ya tarehe iliyoandikwa. Ukituma nusu, wataamua kwa hiyo nusu.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu mtoto aliyezaa kabla ya ndoa hii. Mwenzi wa raia hasafiri na mtoto ndani ya ombi lake. Kila mtoto ana I-130 yake, inayotumwa na baba wa kambo, mradi ndoa ilifungwa mtoto hajatimiza miaka 18. Wekeni cheti chake cha kuzaliwa, cheti chenu cha ndoa, na hati za talaka za nyuma. Na jina lake liandikwe kwenye fomu zote za mama tangu ya kwanza, hata kama atabaki kwa bibi yake kwa sasa.

Kaka aliyeuliza kuhusu kadi ya miaka miwili: hupewa aliyekubaliwa kabla ndoa haijafikisha miaka 2. Fomu I-751, ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, inatumwa ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi kuisha muda. Mkituma mapema kuliko hapo, inarudishwa. Kadi ikiisha muda 30 Juni, hesabuni siku 90 nyuma kwenye kalenda, mfike 1 Aprili, na bahasha iwe tayari mezani.