Nywele zikirudi baada ya kemo, rangi utapaka lini?

Mnanisikia huko nyuma? Haya. Naanza bila kuzunguka maana najua wengi mmekuja na swali moja tu, nimeshaulizwa mara nyingi mno, na karibu kila anayeniuliza anashusha sauti kwanza. Tutaongea habari za dawa, za uchovu, za vidole kufa ganzi, tunaagana, ameshashika kitasa cha mlango ndio anageuka, samahani dada, najua ni jambo dogo, hivi naweza kupaka rangi lini?

Leo tuliulize kwa sauti. Mtu ametoka kwenye dripu ya kemo, yaani dawa ya saratani, miezi, ameishi na kilemba na wigi, kila akipita watu wanamuonea huruma kabla hajasalimia, sasa nywele zimeanza kuota na zimetoka nyeupe, anataka kwenda sokoni aonekane mtu anayenunua vitu, basi, asiwe tena yule mgonjwa. Hilo sio jambo dogo na sitaki mtu yeyote humu aombe samahani kwa kuliuliza.

Kwa wasionijua, nimefanya kazi ya saluni miaka mingi, nimesuka, nimepaka rangi vichwa sina idadi, halafu nikaugua saratani ya matiti na mimi nikakaa na kipara. Sio daktari. Nikifika mahali pa daktari nitawaambia muulizeni daktari, na namaanisha yule anayekutibu, anayelijua faili lako.

Tuanzie pale zilipoangukia. Dawa za kemo zinawinda seli zinazogawanyika haraka, ndio tabia ya saratani, lakini dawa haina macho, na seli za kwenye shina la unywele nazo ni kati ya zinazogawanyika haraka kuliko zote mwilini. Na wakati wowote ule, katika nywele 10 za kichwani mwako kama 9 hivi zinakuwa ziko kwenye kukua, ndio maana zikianza kutoka hazitoki moja moja, unaamka mto umejaa. Kwa wengi ni wiki ya 2 mpaka ya 4 baada ya dozi ya kwanza. Sio dawa zote zinafanya hivyo, nyingine zinapunguza tu, lakini wale wa doksorubisini na pakitakseli mnajua ninachosema.

Kurudi ni taratibu. Wiki chache baada ya dozi ya mwisho unaona malaika, vile vinywele laini ambavyo ukipitisha kiganja ndio unavijua, halafu mwezi wa 2 au wa 3 zinaanza nywele zenyewe, na zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi, hamna mafuta yatakayozifanya zikimbie. Kwa hiyo mtu wa miezi 6 ana sentimita 3 mpaka 5 hivi. Shikeni hiyo hesabu.

Sasa hapa nataka tukae. Zangu zilirudi nyeupe mbele, kisogoni kijivu, laini kama za mtoto mchanga. Mwanangu alizishika akasema mama hizi sio zako. Nikalia, lakini alikuwa anasema kweli. Rangi ya unywele inatoka kwa seli zinazotengeneza melanini, ziko huko huko shinani na nazo zilipigwa na dawa, ila shina linaweza kuamka likaanza kusukuma unywele wakati seli za rangi bado zimelala, ndio unapata unywele mweupe. Kwa watu wengi zinaamka baadae, utaona ncha nyeupe na chini yake nyeusi inakuja. Wengine mvi zinabaki, hasa kama umri nao ulishabisha hodi. Na wengine walikuwa na kipilipili kigumu zikarudi zenye mawimbi, au zilikuwa zimenyooka zikarudi zimejikunja, na baada ya mwaka hivi nyingi zinarudi kwenye tabia yake ya zamani au karibu na hapo.

Ndio maana nasema hizo nywele bado huzijui. Ukikimbilia rangi mwezi wa 3 inawezekana unaficha kitu ambacho kilikuwa kinaondoka chenyewe, na unakificha kwa kemikali juu ya ngozi ambayo bado inajiuguza. Ngozi ya kichwa baada ya kemo inakuwa kavu, inawasha, inachubuka kwa kitu kidogo, na kama damu yako haijakaa sawa, chembe nyeupe ziko chini, kile kidonda kidogo cha kuungua na rangi ni mlango umeuacha wazi.

Niwaambie kosa langu. Kabla sijaugua alikuja mama mmoja saluni, nywele fupi sana, mimi nikadhani ni staili yake, binti yake anaolewa jumamosi anataka nyeusi ya kukolea. Akaniambia hii rangi napaka miaka 20 haijawahi kunisumbua. Nikapaka. Sikumpima, sikumuuliza kitu. Baada ya siku mbili akaja ameshikwa mkono na dada yake kwa sababu macho yalikuwa yamevimba hafungui, paji la uso limejaa, nyuma ya masikio malengelenge yanatoa maji. Ndio nikaambiwa alimaliza kemo miezi mitatu iliyopita. Alikuwa hajaniambia kwa sababu alitaka siku moja tu asiwe mgonjwa, na mimi nilipaswa kuuliza. Arusi aliikosa. Nafikiria yule mama kila nikichanganya rangi mpaka leo.

Kilichomfanya vile kinaitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Kipo kwenye rangi nyingi za kudumu, nyeusi na kahawia ya kukolea ndio zaidi, kwenye boksi kimeandikwa p-phenylenediamine, na kina ndugu yake toluene-2,5-diamine, ukiona mmoja kati ya hao jua unashughulika na kitu chenye nguvu. Aleji yake haiji hapo hapo, inaweza kuchukua siku moja mpaka tatu, na mwili ukishakikataa hausahau, utakikataa maisha. Halafu mtu anaweza kupaka miaka na miaka salama, siku moja mwili ukabadilisha mawazo, sasa mwili uliotoka kupita kwenye kemo usiutegemee kwa sababu ya historia ya zamani.

Na hapa niseme habari ya hina maana najua kuna watu wanasema mimi natumia vya asili tu. Hina yenyewe ile ya majani, safi, inatoa rangi ya chungwa mpaka nyekundu ya kahawia. Haitoi nyeusi. Ukiona hina nyeusi, ukaona piko, ile nyeusi ya kuchorea mikono, kuna kitu kimeongezwa na mara nyingi ni hiyo hiyo PPD, wakati mwingine kwa kiwango kikubwa kuliko kinachoruhusiwa kwenye rangi ya nywele, kwa mfano nchi za Umoja wa Ulaya hawaruhusu izidi asilimia 2 ikishachanganywa. Kwa hiyo kama umewahi kuchorwa piko mkononi ukawashwa au ukatoka malengelenge, jamani hiyo ni taarifa kubwa sana, kamwambie anayekupaka rangi na kamwambie daktari, usiisubiri ikuumbue kichwani. Kuna hina nyingine zimechanganywa na chumvi za madini, ukija kupaka juu yake rangi ya peroksaidi, ile dawa inayoondoa rangi ya unywele, au blichi zinagombana, nywele zinaweza kupata moto zikakatika. Na boksi likisema haina amonia, sawa, amonia haina, lakini PPD inaweza kuwemo. Soma nyuma ya boksi, mbele ni matangazo.

Sasa lini. Ushauri utakaousikia kwa wauguzi wengi wa saratani ni usubiri kama miezi 6 baada ya kemo ya mwisho kwa rangi ya kudumu, na dawa ya kunyoosha nywele ni hivyo hivyo, mimi naiogopa hata zaidi. Sio sheria ya kuchongwa kwenye jiwe, wapo madaktari wanaoruhusu rangi nyepesi mapema kidogo. Mimi naangalia vitu viwili: ngozi iwe haina kidonda, haina ukurutu, haiwashi, na nywele ziwe zimefika kama sentimita 3, nione tabia yake. Kama miezi 6 imefika na ngozi bado inalalamika basi haijafika.

Kama huwezi kungoja kuna ngazi za chini. Ipo rangi ya kupulizia au ya unga ya kugusia mvi, inatoka ukiosha, inakaa juu ya unywele haiingii ndani. Ipo ya muda isiyo na peroksaidi, inaisha yenyewe baada ya kuosha kama mara 6 mpaka 12, na hiyo ndio ninayompa mtu wa kwanza kwanza, ikikukataa au ukiichukia haukai nayo mwaka. Hata hiyo ipime, usiniambie ni ya muda. Ya kudumu inafungua magamba ya unywele kwa amonia au kitu kama hicho, peroksaidi inaingia inaondoa rangi iliyopo na mpya inajijenga ndani, hiyo ndio ya kusubiria. Blichi mimi mwaka wa kwanza simpaki mtu.

Kupima ni hivi. Saa 48 kabla, chukua rangi kidogo kama boksi linavyoelekeza, paka nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko kwa ndani, acha, usipaoshe oshe, angalia mpaka siku mbili ziishe. Pakiwasha, pakiwa pekundu, pakivimba, osha na hiyo rangi haiingii kichwani. Fanya kila mara hata kama boksi ni lile lile la mwezi uliopita. Halafu pima na unywele, kata kishungi kidogo kisogoni ukitie rangi uangalie na saa, kwa sababu nywele za baada ya kemo zinakunywa rangi, ile iliyokuwa inachukua dakika 30 zamani inaweza kukolea nusu ya muda, unataka kahawia unatoka na nyeusi ya mkaa. Vaa glovu, kaa penye hewa, usisugue, osha na maji ya uvuguvugu. Stima na drayeri ya moto sana ziache.

Nimeona mkono pale. Ndio mama. Swali ni je rangi itaurudisha ugonjwa. Nilijua litakuja, naliheshimu, hata mimi lilininyima usingizi.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya WHO, lilikaa na hili jambo mwaka 2008. Kazi ya saluni, yaani sisi tunaoshika rangi kila siku, waliiweka kundi la yale ambayo huenda yanasababisha saratani, na walichoona zaidi ni ya kibofu cha mkojo. Ndio maana siku hizi sishiki rangi bila glovu. Mtu anayejipaka mwenyewe walisema ushahidi hautoshi kumweka upande wowote. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa manesi wa Marekani, wanawake 117,200 waliofuatiliwa miaka 36, wanaotumia rangi za kudumu hawakuonekana kuwa na hatari zaidi ya saratani nyingi, ila kulikuwa na ongezeko dogo kwa aina fulani za matiti na ovari, na wengi wao walikuwa wazungu. Mwaka 2019 kulikuwa na mwingine wa wanawake 46,709 ambao dada zao waliugua saratani ya matiti, waliotumia rangi za kudumu hatari ilikuwa juu kwa asilimia 9, na kwa wanawake weusi asilimia 45. Usishtuke na namba kabla hujaifungua: kama katika wanawake 100 wangeugua 10, asilimia 9 inafanya wawe karibu 11, na 45 inafanya wawe 14 au 15. Na tafiti za namna hii zinaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, sio kwamba kimoja kimemzaa mwenzake. Halafu zote mbili zinaongelea kuupata mara ya kwanza, sio kurudi.

Mimi nimeamua nini? Napaka ya muda, mara chache, na nimeacha mvi za mbele zikae. Ni uamuzi wangu na sitamsema anayeamua vingine akiwa amepima na ameongea na daktari wake.

Haraka haraka kwa waliobaki. Mlio kwenye tamoksifeni au letrozoli, vidonge vya saratani ya matiti, nywele zinaweza kuwa nyembamba muda wote wa vidonge, rangi kali zinazikata, lakini nawaomba sana mtu asiache kidonge kwa ajili ya nywele. Waliopigwa mionzi ya kichwa, zinaanguka pale tu ilipopiga na pengine hazirudi zote, ngozi ya pale usiiguse na rangi mpaka daktari aione. Waliotumia kofia ya baridi, ile inayovaliwa wakati wa dripu ili nywele zisitoke, wakabaki na nywele, hizo zilizobaki ni dhaifu, msiseme zimepona. Na kama unameza sunitinibu au pazopanibu, nazo ni dawa za saratani, nywele zikageuka nyeupe, ni dawa inafanya, ukija kuimaliza rangi kawaida inarudi.

Basi, najua kuna watu wamekuja na maboksi kwenye mikoba, nimewaona mkiyasukuma chini ya kiti. Yaleteni hapa mezani, nina miwani na nina muda, tuyasome nyuma moja moja.