Mlezi Akichoka, Mtoto Huhama

Ndugu maafisa ustawi wa jamii, nanyi walezi wa kambo mliokubali kuacha kazi zenu asubuhi hii, shikamooni na karibuni.

Tukitajiwa vijana na dawa za kulevya, sote tunawaza kijiweni. Mimi naomba tuanzie sebuleni, kwa mama aliyempokea mtoto asiyemzaa na sasa ameanza kuchoka.

Huko San Diego, Marekani, mtafiti Patricia Chamberlain na wenzake walifuatilia familia 700 zinazolea watoto wa miaka 5 hadi 12, wengine kwa walezi wa kambo, wengine kwa ndugu zao. Mlezi alipigiwa simu akaulizwa habari za saa 24 zilizopita tu. Mtoto amebisha? Amedanganya? Amepigana? Jambo dogo, lakini hesabu yake imenikaa kichwani miaka yote: walezi walistahimili vituko hadi sita kwa siku. Vikizidi hapo, kila kinachoongezeka kilimsogeza mtoto karibu na kuhamishwa nyumba hiyo. Na aliyekwisha kuhamahama ndiye aliyekuwa rahisi kuhamishwa tena.

Nusu ya familia hizo, au karibu na hapo, zilialikwa kwenye vikundi kwa wiki 16. Walezi walijifunza kumsifu mtoto anapofanya vyema, kumkanya bila kumpiga, na walisikilizana. Kusikilizana huko nakuthamini kuliko somo lenyewe. Vituko vilipungua, na historia ya kuhamahama haikuwa tena na makali yale.

Kundi hilohilo la watafiti, kule Oregon, jimbo jingine la Marekani, liliwafuatilia wasichana 100 waliokuwa kwenye malezi ya kambo; baadhi yao, pamoja na walezi wao, likawashika mkono tangu likizo ya kabla ya kuingia shule ya kati, ile ya baina ya msingi na sekondari. Wasichana walioshikwa mkono walihama nyumba mara chache, na baada ya miaka 3 walitumia vilevi kidogo kuliko wenzao wasiopata huduma hiyo. Kwa upande wa uhalifu tofauti haikuwa dhahiri hivyo, nami sitaki kutia chumvi.

Sasa turudi kwetu. Mlezi tunampigia lini? Nimeona mara nyingi mno tukimpigia siku mtoto ametoroka. Naomba tuanze na walezi kumi tu, simu moja kila wiki, swali lilelile la saa 24. Vituko vikipita sita, afisa aende siku hiyohiyo.