Rolex bila nyanya ni ya nani?

OKELLO: Dada Zubeda, Jumanne nilikuwa Wandegeya, hapa Kampala, nangoja rolex yangu, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Fundi mmoja wa Katwe akachomoa kwenye begi kibati chake: unaweka donge, unabana, chapati inatoka duara kamili. Akaniuliza, "Mzee, nikikisajilia hataza, ile haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wangu, nitaiuza bei gani?"

ZUBEDA: Akakuuliza wewe?

OKELLO: Anatusikiliza kila wiki. Anadhani najua.

ZUBEDA: Basi hakusikiliza kile kipindi chako cha majani ya chai.

OKELLO: Usianze.

ZUBEDA: Mwambie kwanza aache kukionyesha kila kibanda kabla hajapeleka ombi URSB, ofisi ya usajili ya Uganda. Haya, nimeandaa mambo matano ya kupima thamani ya hataza. La kwanza ni madai, ile sehemu inayotaja hasa unamiliki nini. Michoro inasaidia kueleza, lakini uzio ni madai.

OKELLO: Nipe mfano wa rolex.

ZUBEDA: Rolex si jambo jipya. Hakuna ofisi itakayokupa.

OKELLO: Tuseme nimeibuni leo asubuhi.

ZUBEDA: Haya, andika dai.

OKELLO: "Chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga, kitunguu, kabichi na nyanya."

ZUBEDA: Mimi nauza bila nyanya. Nimeshakukwepa. Kwa kawaida, kila ulichokitaja ndani ya dai lazima kiwemo kwenye bidhaa yangu ndipo unishike.

OKELLO: Nafuta nyanya. Kabichi nayo nafuta. "Chapati iliyokunjwa pamoja na chakula chochote."

ZUBEDA: Sasa umelipanua mno. Atatokea mtu aonyeshe kwamba bibi yake alikunja chapati na maharage kabla hujazaliwa, dai lako linakufa.

OKELLO: Chapati na maharage hazikunjwi, hiyo ni kikomando. Inakatwakatwa.

ZUBEDA: Basi muuza kikomando hakulipi hata shilingi.

OKELLO: Naongeza dai la pili: "au iliyokatwakatwa."

ZUBEDA: Okello! Unacheka, lakini Marekani mwaka 1999 walitoa hataza namba 6,004,596 ya sandwichi ya siagi ya karanga na jemu, isiyo na kingo, iliyobanwa pembeni isivuje. Wenyewe walipoomba madai mapana zaidi, mahakama ya rufaa ikawakatalia mwaka 2005.

OKELLO: Rolex haibanwi, inakunjwa. Wandegeya tuko salama.

ZUBEDA: Umeona? Maneno ndiyo thamani.

OKELLO: Hapo tunaachana. Fundi awe na dai zuri namna gani, kiwanda kikubwa kikimwigiza atakwenda mahakamani na nini? Thamani ni uwezo wa kushtaki.

ZUBEDA: Nortel, kampuni ya mawasiliano ya simu ya Kanada, ilifilisika kabisa. Mwaka 2011 hataza zake na maombi yake, kama 6,000 hivi, yaliuzwa dola bilioni 4.5. Mufilisi huyo angemshtaki nani?

OKELLO: Yaliuzwa kwa nani?

ZUBEDA: Apple, Microsoft, Sony na wenzao.

OKELLO: Ahaa! Karatasi hizo hizo zipeleke soko la Owino uone zitapata ngapi. Thamani ilikuwa mfukoni mwa mnunuzi.

ZUBEDA: Hawa hawanunui karatasi tupu. Madai yale yaligusa mitandao ya simu, mahali ambapo ni vigumu kuzunguka.

OKELLO: Walinunua ili yasiangukie mikono ya mtu wa kuwashtaki.

ZUBEDA: Awashtaki kwa kutumia nini? Madai!

OKELLO: Wakili!

ZUBEDA: Wakili bila dai atasimama aseme nini?

OKELLO: Na dai bila wakili nani atalisoma? Sikubali, dada.

ZUBEDA: Usikubali. Tumebakiwa na dakika mbili na nina mambo manne. La pili, nchi. Hataza ya Uganda haivuki mpaka wa Busia, lakini kwa ombi moja kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika, kule Harare, unaweza kuteua Uganda, Kenya, Tanzania...

OKELLO: Na ada za kila mwaka, kwa kila nchi?

ZUBEDA: Ndiyo la tatu! Hataza hudumu hadi miaka 20 tangu ombi, ila nyingi wenyewe huziacha zife mapema. Inayoendelea kulipiwa, mwenyewe anaona ina faida.

OKELLO: Au mwenyewe ana pesa. Narudi palepale.

ZUBEDA: Ndiyo maana hatumalizi kipindi hata kimoja! La nne na la tano basi, muda umekwisha. Wiki ijayo tuna mgeni wa kahawa ya Bugisu. Okello, tafadhali, mwache aongee.

OKELLO: Kahawa ya Bugisu, kwa mtazamo wangu...

ZUBEDA: Kwaherini, wasikilizaji.