Dera Halina Mkanda

BARAKA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Ni Baraka hapa, na mbele yangu yupo shemeji yenu Mwanaidi. Leo niliahidi tuzungumzie namna ya kuchagua bastola ya kujilinda, kwa sisi tunaoishi huku Texas. Nimeandika mambo matano. Lakini shemeji ana jambo lake la wiki hii, kwa hiyo aanze yeye.

MWANAIDI: Karatasi yako naiona, tutaifikia. Basi, Jumanne alfajiri natoka zamu hospitalini, nipo orofa ya tatu ya maegesho, jamaa akawa nyuma yangu. Nikipunguza mwendo, apunguza. Nikikaza, akaza. Gari langu lilikuwa mwisho kabisa kule pembeni. Nikageuka, nikarudi ndani kwa askari wa mlangoni, akanisindikiza. Jamaa hatukumkuta.

BARAKA: Ulifanya vizuri sana kurudi ndani.

MWANAIDI: Lakini niliendesha hadi nyumbani mikono yatetemeka. Kesho yake nikaenda duka la silaha.

BARAKA: Na hukunipigia simu.

MWANAIDI: Ungeniambia ninunue lile jibastola lako.

BARAKA: Bastola yangu ya 1911 usiiite jibastola, shemeji. Kazi ya John Browning ile, yule mbunifu wa silaha. Jeshi la Marekani limeibeba tangu mwaka 1911 mpaka walipochukua Beretta ya milimita 9 mwaka 1985.

MWANAIDI: Ni zaidi ya kilo moja bila risasi! Haya, sikiliza. Muuzaji hakuniuliza kitu. Mkono wangu ukoje, navaa nini, nafanya kazi gani, hata moja. Akafungua kabati akatoa rivolva ndogo ya risasi tano, mpini wa rangi ya waridi, akasema hii ndiyo ya kina mama. Nikamuuliza, kwa nini ya kina mama? Ati ni nyepesi.

BARAKA: Hapo ndipo wanapowaharibia watu wengi. Wasikilizaji, wepesi na ulaini ni vitu viwili tofauti. Risasi ile ile ukiitia kwenye chuma kizito, teke, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma, linamezwa na uzito. Ukiitia kwenye kibastola cha gramu mia nne, teke lote linakuja kiganjani. Rivolva ndogo ya .38 ni silaha nzuri, lakini ina triga nzito, mtutu mfupi, na kilengeo chenyewe ni kijifereji juu ya chuma. Ni silaha ya mtu aliyekwisha kuzoea. Kumpa mtu anayeanza ni kumkatisha tamaa.

MWANAIDI: Sikuinunua. Nilikwenda uwanja wa shabaha wanakokodisha, nikajaribu ile rivolva, nikajaribu SIG P365 ya milimita 9, na Glock 42 ya .380. Na hapa nina neno kwa kina dada. Msiende na blauzi ya shingo pana. Ganda la risasi likitoka laruka kulia, lina moto, na siku hiyo moja liliruka likaniingia shingoni. Linaunguza! Mwili wote wataka kuruka na kugeuka, na mkononi una bastola yenye risasi. Nikaitua mezani kwanza, mtutu ukielekea mbele, kisha ndiyo nikalitoa ganda. Kialama ninacho mpaka leo.

BARAKA: Hiyo ingekuwa namba moja kwenye karatasi yangu. Mtutu unaelekea palipo salama, hata kama unaungua. Sawa, sasa twende kwenye kaliba, yaani kipimo cha risasi, kama hizo 9 na .380.

MWANAIDI: Bado. Kabla ya kaliba kuna dera.

BARAKA: Kuna nini?

MWANAIDI: Dera, shemeji. Kila ninachosoma kuhusu kubeba bastola kila siku chaanza na "funga mkanda imara." Mkanda upi? Zamu nina suruali ya hospitali, ile ya kamba. Nikiwa nyumbani, sokoni, harusini, nina dera. Dera halina mkanda. Halina mfuko. Na kitambaa chenyewe ni chepesi, kila kitu chajichora. Sasa hiyo bastola yenu ya kila siku naibeba wapi?

BARAKA: Kuna ule mkanda mpana wa kitambaa, unauzungusha tumboni, una ala ya bastola ndani.

MWANAIDI: Upo, nimeuona. Nauvaa chini ya dera. Halafu? Dera lafika kwenye kisigino. Mtu amenivamia, nianze kukunja dera kutoka chini mpaka tumboni, nimwambie huyu subiri kidogo?

BARAKA: Unapasua ubavuni. Kama kanzu. Kanzu ina ule mpasuo wa mfukoni, mkono unapita mpaka ndani.

MWANAIDI: Hilo limenijia. Fundi apasue mshono wa upande wa kulia, kiasi cha mkono kupita, atie kishikizo cha sumaku. Lakini dera lahama, Baraka. Ukikaa lahama, ukiinuka lahama. Mpasuo uliokuwa ubavuni sasa uko mgongoni.

BARAKA: Mimi nilishajaribu bastola kwenye mfuko wa kanzu, siku ya Idi. Kanzu yote ilivutika upande mmoja, bega likaonekana. Shekhe akanitazama, nikarudi kwenye gari.

MWANAIDI: Na wewe huna chakacha.

BARAKA: Chakacha?

MWANAIDI: Jumamosi tuna harusi, waijua, wewe ndiye wapeleka viti. Kina mama wataingia uwanjani, kiuno kitafungwa leso, na mimi nimo. Wafikiri mkanda wa tumbo wenye bastola utastahimili chakacha?

BARAKA: Hapana. Harusini unaiacha nyumbani imefungiwa. Hilo halina mjadala.

MWANAIDI: Wapi na wapi nyingine naiacha? Hospitalini bango lipo mlangoni, silaha marufuku. Kwa hiyo zamu nzima iko garini.

BARAKA: Kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya chini ya kiti. Si kwenye dashibodi. Bastola nyingi zinazoibwa nchi hii zinatoka kwenye magari.

MWANAIDI: Ndiyo. Na ile dakika ya kutoka mlangoni mpaka garini, ambayo ndiyo iliyonitia hofu, sina kitu. Waona? Kwangu swali la kwanza ni nguo na mahali. Kaliba yafuata nguo.

BARAKA: Na mkoba je? Ipo mikoba yenye chumba chake cha pembeni, kina zipu na ala ngumu ndani.

MWANAIDI: Mkoba ndio kitu cha kwanza kunyakuliwa. Na nina Salma, ana miaka mitatu. Mkoba wangu kwake ni duka. Mwaka 2014, Desemba, kule Idaho, mama yuko dukani, mtoto wake wa miaka miwili yumo kwenye kigari cha kununulia. Akafungua zipu ya mkoba, ule ule wenye chumba maalumu, akaitoa bastola, akampiga mamake. Mama alikufa pale pale. Alikuwa na kibali, alikuwa mzoefu. Sitaweka bastola kwenye kitu ninachokitua chini.

BARAKA: Hapo nakubaliana nawe mia kwa mia. Iwe mwilini au iwe imefungiwa. Na sheria ya Texas yenyewe, mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bastola uliyoiacha wazi na yenye risasi, ni kosa lako.

MWANAIDI: Kwa hivyo twarudi kwenye dera.

BARAKA: Shemeji, dakika kumi na tano tuko kwenye dera.

MWANAIDI: Maana wanaosikiliza nusu yao wamelivaa sasa hivi! Mimi nimeona lipo jambo moja: abaya ya kufungua mbele. Ya zipu au vishikizo, na ndani suruali yenye mkanda halisi. Hapo mkono wafika kiunoni haraka. Dera libaki la nyumbani. Lakini hata chini ya abaya, bastola ndefu au nene hujichora nikiinama. Ndipo nikachagua Glock 42. Nyembamba, haifiki gramu mia nne ikiwa tupu.

BARAKA: Ya .380.

MWANAIDI: Ya .380.

BARAKA: Hapo mimi nasimama.

MWANAIDI: Nilijua.

BARAKA: Ngoja niwaeleze wasikilizaji kwanza. Risasi ya .380 na ya 9 upana wake ni ule ule. Tofauti ni urefu wa ganda: la .380 ni milimita 17, la 9 ni 19. Ile fupi ina baruti kidogo, na kichwa chake kwa kawaida ni gramu sita hivi, wakati cha 9 ni gramu saba na nusu au nane. Sasa, Aprili 11, 1986, Miami. Maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Mmoja wao, Michael Platt, alipigwa risasi ya 9 mapema. Ikapita mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni. Kwa jeraha hilo angekufa, lakini hakufa upesi. Aliendelea kupiga, na maofisa wawili waliuawa. Baada ya hapo FBI wakaweka kipimo: risasi ipenye kwenye jeli, ile ya majaribio inayowekwa badala ya mwili, angalau inchi 12, yaani sentimita 30, na isizidi inchi 18. Wakaenda kwenye risasi ya milimita 10, likawa teke kubwa mno, ikaja ya .40 mwaka 1990.

MWANAIDI: Na kisha wakarudi kwenye 9. Malizia.

BARAKA: Walirudi, ndiyo, miaka kumi hivi iliyopita.

MWANAIDI: Kwa nini? Kwa sababu maofisa wao walilenga vizuri na kwa haraka zaidi wakiwa na teke dogo. Hoja yako hiyo ndiyo yangu. Mita saba, Glock 42, risasi zangu sita zote zilikaa mahali naweza kupafunika kwa kiganja. Ile P365, ya kwanza katikati, ya pili begani, ya tatu nje ya karatasi.

BARAKA: Walirudi kwa sababu risasi za 9 za leo si zile za 1986. Zile zenye tundu kwenye ncha zinafunguka, yaani zinatanuka zikiingia mwilini, na bado zinafika kile kina. Ya .380 kutoka mtutu mfupi, ikifunguka haifiki. Isipofunguka inafika, lakini inatoboa kama sindano. Unachagua kimoja. Na P365 ukubwa wake ni karibu sawa na hiyo 42 yako, lakini inabeba risasi kumi, yako sita. Gramu mia na kitu tu zaidi.

MWANAIDI: Hayo ya jeli nayaelewa. Lakini mimi siibebi jeli. Naibeba bastola kwa mkono ulioinua wagonjwa kwa muda wa saa kumi na mbili. Kiwiko hiki cha mkono, wakijua, kimevimba tangu mwaka jana.

BARAKA: Mazoezi yatakusaidia. Kila mtu mwanzoni 9 inamtupa. Miezi mitatu, risasi hamsini kwa wiki.

MWANAIDI: Nikiumia mkono sifanyi hayo mazoezi. Silaha inayoniuma nitaiacha kabatini, na wewe wajua nitaiacha.

BARAKA: Na silaha isiyotosha siku ukiihitaji?

MWANAIDI: Mtu aliyepigwa kifuani mara mbili na .380 ana shida kubwa kuliko aliyekoswa mara tatu na 9.

BARAKA: Unachukulia kwamba utakuwa umetulia kama pale uwanjani. Hutakuwa umetulia. Utampiga mkono, utampiga amevaa koti zito. Hapo ndipo unahitaji ile akiba ya kina. Kwa moyo wangu siwezi kumwambia ndugu yangu abebe chini ya 9.

MWANAIDI: Nami siwezi kumwambia mama mwenye mkono mbovu abebe kitu anachokiogopa.

BARAKA: Si woga...

MWANAIDI: Ni woga! Nilifumba macho kabla ya kuvuta triga. Mara ya nne nilifumba. Ukifumba macho kina chako cha sentimita thelathini kipo kwenye ukuta wa jirani.

BARAKA: Jaribu Shield EZ basi, ya 9. Ni kubwa kidogo, teke laini, na slaidi yake, ile sehemu ya juu ya kuvuta nyuma, hata bibi anaivuta.

MWANAIDI: Kubwa kidogo. Chini ya abaya.

BARAKA: Chini ya abaya, ndiyo.

MWANAIDI: Haitakaa. Nimekwambia nikiinama yajichora, na mimi kazi yangu ni kuinama.

BARAKA: Basi tumekwama.

MWANAIDI: Tumekwama. Nimeshalipia ya .380, Alhamisi nachukua.

BARAKA: Sitakupongeza.

MWANAIDI: Sikukuomba. Lakini utanipeleka uwanjani, kila Jumapili.

BARAKA: Kila Jumapili nitakupeleka. Na nitakuja na P365.

MWANAIDI: Njoo nayo, sitaigusa.

BARAKA: Haya, nimebakiwa na dakika mbili na karatasi yangu haijaguswa hata mstari mmoja. Ala, risasi za mazoezi na za kubebea, kubeba risasi ikiwa tayari ndani ya chemba ya mtutu au la, hayo yote ni kipindi kingine. Moja tu nalisema leo kwa sababu linafukuzisha watu nchi. Texas tangu Septemba 1, 2021, mtu mzima anayestahili anaweza kubeba bastola bila leseni. Neno ni "anayestahili." Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kununua na kumiliki. Uliye na viza ya masomo, ya utalii, ya kazi ya muda, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza. Si kununua tu, hata kuishika.

MWANAIDI: Hata ya kukodi uwanjani.

BARAKA: Hata ya kukodi. Rafiki akikwambia njoo tujaribu, usijaribu. Ipo misamaha michache, kama ya leseni ya uwindaji, lakini muulize wakili wa uhamiaji kwanza, usimuulize muuzaji.

MWANAIDI: Na usipige picha umeishika ukaweka mtandaoni.

BARAKA: Kabisa. Wanaoleta viti vya harusi Jumamosi, saa nane mchana, mlango wa nyuma.

MWANAIDI: Saa saba, Baraka. Saa nane tunapamba.

BARAKA: Saa saba.